Kuku Aliyeziba Gole: Tumtambue, Tumsaidie na Tuzuie Yasirudi



Mara nyingi tunapotembelea vikundi, maswali ya kuku huwa mengi kuliko maswali ya ng'ombe. Na si ajabu. Ng'ombe ni wa wachache, lakini kuku yuko karibu kila boma. Kuku ndiye daftari la mtoto, ndiye sabuni na mafuta ya taa, ndiye mchango wa chama wiki ambayo mfuko ni mtupu. Tena katika nyumba nyingi kuku ni mali ya mama, anayoweza kuuza bila kuomba ruhusa. Kwa hivyo kuku mmoja akifa, usiseme "ni kuku tu". Kuku mwenye kutaga na kuatamia akifa, umepoteza vifaranga kumi au kumi na wawili wa msimu unaokuja.

Leo hatutazungumza juu ya kideri, kwa maana hilo tumelisikia sana. Tutaangalia shida nyingine ambayo watu wengi hawaijui kwa jina, nayo ni shida ya gole. Mzee mmoja atakuambia kuku "amefura shingo", mwingine atasema "amekula sumu", na mwingine atanong'ona kwamba jirani ana jicho baya. Kumbe pengine ni chakula tu kimekwama njiani.

Tunaomba somo hili lisomwe kwa sauti katika mkutano, kidogo kidogo, na ikiwezekana kuwe na kuku mmoja mzima wa kushikwa na wote. Mkono hujifunza upesi kuliko sikio.

1. GOLE NI NINI?

Kuku hana meno. Akidonoa mahindi, huyameza mazima. Chakula hicho hakiendi moja kwa moja tumboni. Kwanza huingia katika mfuko mdogo ulio chini ya shingo, mbele ya kifua, upande wa kulia wa kuku. Mfuko huo ndio gole. Umewahi kuuona ukimchinja kuku wa jioni: umejaa mahindi na majani.

Kazi ya gole ni kama ya ghala dogo. Kuku hula haraka haraka akiwa nje, maana mwewe yuko juu na mbwa yuko nyuma, halafu chakula hulowa maji pale na kulainika. Baadaye hushuka kidogo kidogo hadi kwenye tumbo dogo lenye majimaji makali, kisha kwenye firigisi. Firigisi ndiyo jiwe la kusagia. Ndani yake mna changarawe ambazo kuku amezidonoa, na hizo ndizo meno yake.

Basi kama ghala limefungwa mlango wa kutokea, kuku anaweza kuwa na gole lililojaa na bado anakufa njaa. Hilo ndilo jambo la kwanza la kukumbuka leo: gole kujaa si sawa na kuku kushiba.

2. TUMPIME KUKU ASUBUHI NA JIONI

Hapa hakuna haja ya chombo. Unahitaji vidole vyako na saa ya jogoo.

Jioni, kuku wakishaingia kibandani, shika kuku vizuri, mbawa zikiwa zimebanwa kando. Papasa chini ya shingo. Kuku mzima aliyekula vizuri utamkuta na gole lililojaa, lenye ukubwa kama wa limau au zaidi, nalo linabonyea kama mfuko wa unga. Hiyo ni kawaida, usiogope.

Usiku asile kitu. Alfajiri, kabla hujawafungulia na kabla hajadonoa chochote, papasa tena. Gole la kuku mzima sasa litakuwa tupu, hata pengine usilione kabisa. Chakula kimeshuka.

Ukilikuta bado limejaa alfajiri, hapo pana shida. Watu wengi hukosea kwa kupapasa saa nane mchana, wakati kila kuku ana gole limejaa, kisha wanaanza kumtesa kuku mzima kwa dawa. Pima alfajiri.

Pamoja na gole, angalia pia haya:
- Je, kuku amejikunyata peke yake, manyoya yamesimama?
- Je, ananyoosha na kupinda shingo kila mara kama anayejaribu kumeza kitu?
- Ile nyama nyekundu ya kichwani imepauka?
- Papasa mfupa wa kidari. Kama umechongoka kama kisu, kuku huyu amekonda, na shida si ya leo.
- Fungua mdomo. Je, una harufu ya uchachu? Kuna utando mweupe ndani?
- Kinyesi kikoje? Ni kidogo? Ni majimaji?

3. SHIDA TATU ZA GOLE

Ya kwanza: gole lililoziba. Ukilishika ni gumu kama mpira wa matambara, au kama donge la udongo. Ndani mna nyasi ndefu, mabua ya sukuma wiki, nyuzi za mkonge, uzi wa gunia, manyoya, au nailoni. Vitu hivi husokotana vikawa fundo, na fundo halipiti mlangoni. Mara nyingine kuku alishinda na njaa siku nzima, halafu akamwagiwa mahindi makavu mengi bila maji, akajaza kupita kiasi.

Ya pili: gole lililochacha. Hili si gumu. Ukilishika ni kama puto lenye maji, nalo hutikisika. Mdomo una harufu ya uchachu kama ya pombe ya kienyeji. Mara nyingine kuku akiinama, majimaji hutoka mdomoni. Linaloleta haya ni kuvu, ndugu wa ile hamira ya mandazi. Kuvu hii huishi ndani ya kuku siku zote bila kumdhuru. Lakini chakula kikikaa sana goleni, au kuku akila chakula kilichooza, au akipewa dawa za kuua bakteria kwa muda mrefu bila sababu, kuvu hupata nafasi na kuzaana. Kwa hivyo gole lililoziba lisiposhughulikiwa, linaweza kugeuka kuwa gole lililochacha.

Ya tatu: gole linaloning'inia. Hapa misuli ya gole imelegea kwa kuvutwa sana. Mfuko unabembea kifuani hata kuku akitembea. Chakula huingia lakini hakina wa kukisukuma. Mara nyingi hii huja baada ya shida zile mbili kujirudia mara kwa mara.

4. NGOJA KWANZA: HUENDA SI GOLE

Kabla hujakimbilia kutibu gole, jiulize: gole ndilo ugonjwa, au gole ni dalili tu ya ugonjwa mwingine? Kuku akiugua jambo lolote kubwa, tumbo lake husimama, na gole hubaki na chakula.

Hesabu kuku wagonjwa. Shida ya gole kwa kawaida hushika kuku mmoja, labda wawili. Ukiwaona kuku wengi wanalala, wanapumua kwa kukoroma, shingo zinapinda, mayai yamekoma ghafula, na wengine wamekufa kwa siku mbili au tatu, hiyo huenda ni kideri. Usipoteze wakati na gole. Watenge wagonjwa, usiuze wala kuhamisha kuku hata mmoja, na umwite afisa wa mifugo upesi. Kideri hakina dawa. Kina chanjo tu, na chanjo ni ya kuku wazima.

Hapa watu hubabaika kwa sababu ya kinyesi cha kijani. Ni kweli kideri huleta kuhara kijani. Lakini hata kuku ambaye hajala siku mbili hutoa kinyesi kidogo cha kijani, maana ni nyongo tu inayoshuka, hakuna chakula. Kwa hivyo usiamue kwa rangi ya kinyesi peke yake. Angalia kundi zima.

Utando wa manjano mdomoni, pamoja na vipele kichwani, huweza kuwa ndui ya kuku. Kuku anayeburuta mguu mmoja na gole limelegea huenda ana ugonjwa wa Marek, ambao hudhuru mishipa ya fahamu. Minyoo pia inaweza kudhuru gole. Kuku anayesimama kama bata na kujikamua huenda yai limekwama. Haya yote yanahitaji mtu aliyesomea.

5. KUMSAIDIA KUKU MWENYE GOLE LILILOZIBA

Umehakikisha ni kuku mmoja, gole ni gumu alfajiri, na anapumua vizuri. Basi fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Mtenge. Mweke ndani ya boksi au kikapu kikubwa, mahali penye joto kidogo pasipo na upepo. Usimwekee nyasi chini, maana atazidonoa. Tandika gunia zima lisilochanika au gazeti.

Hatua ya 2: Ondoa chakula kwa muda usiozidi saa 24. Usiondoe maji. Maji safi yawepo wakati wote. Kuku asiye na maji hawezi kulainisha kitu.

Hatua ya 3: Chukua maji ya uvuguvugu, yaani yale unayoweza kumwogeshea mtoto mchanga, na nusu kijiko cha chai cha mafuta ya kupikia ya maji. Usitumie mafuta ya taa, wala mafuta ya gari, wala sabuni. Tumia sirinji isiyo na sindano, au kijiko kidogo. Tia matone machache pembeni mwa mdomo, ngoja ameze mwenyewe, kisha tia mengine.

Hapa tunasisitiza. Katikati ya mdomo wa kuku, nyuma ya ulimi, kuna tundu dogo linalofunguka na kufunga. Hiyo ni njia ya pumzi. Ukimwaga maji kwa nguvu, yanaingia mapafuni na kuku anakufa mikononi mwako, na utasema ni gole lililomuua. Polepole. Kichwa kisiinuliwe kupita kiasi. Akikohoa au akitikisa kichwa, simama.

Hatua ya 4: Kanda gole. Mshike akiwa wima kama anavyosimama. Kwa vidole, zungusha na kubonyeza kidogo kidogo kama unayelainisha unga wa chapati, dakika tano hivi. Kusudi ni kulivunja lile donge lipungue. Usisukume kuelekea mdomoni. Rudia mara nne kwa siku.

Hatua ya 5: Alfajiri inayofuata, pima tena. Kama donge limelainika na gole limepungua, mshukuru. Mpe chakula laini kidogo: mashi ya dukani iliyoloweshwa, au uji mzito wa mahindi uliopoa, kijiko kimoja au viwili, mara tatu au nne kwa siku. Usimpe mahindi mazima wala majani kwa wiki nzima. Mwekee changarawe safi. Endelea kupima kila alfajiri hadi gole litoke tupu siku tatu mfululizo. Hapo umrudishe kwa wenzake.

Hatua ya 6: Kama baada ya siku mbili donge ni lile lile, mikono yako imefika mwisho. Nenda sehemu ya 8.

6. KUMSAIDIA KUKU MWENYE GOLE LILILOCHACHA

Mtenge vilevile na uondoe chakula kwa saa 12, yaani usiku mmoja tu. Huyu mara nyingi amekwisha konda, hawezi kufunga sana. Maji safi yawepo, na chombo kisuguliwe kila siku.

Usimpe sukari, soda, mkate wala mandazi. Kuvu hupenda utamu na unga mweupe. Utakuwa unailisha yenyewe. Baada ya usiku huo mpe mashi laini kidogo kidogo.

Siki ya kununua watu wengi huitia katika maji. Usiitegemee kama dawa ya kuvu. Dawa ya kuvu inayotumiwa na madaktari ni ile iitwayo nistatini, ambayo kuku hupewa kwa mdomo siku kadhaa kwa kipimo cha uzito wake. Ulizia kwa daktari wa mifugo, mweleze yote uliyoyaona, naye aamue.

Tafadhali, mrututu usitumiwe kwa kukisia. Tunajua zamani wengine walikuwa wakiuweka katika maji ya kuku. Kijiko kikizidi kidogo tu, ni sumu, na maji hayo hayo yatanywewa na bata na hata mtoto anayetambaa.

Na ile poda ya manjano ya kuua bakteria, ambayo wengi wetu huinunua dukani kila kuku akiinamisha kichwa? Haiui kuvu. Huua bakteria, hata wale wazuri wanaoizuia kuvu isizaane, kwa hivyo shida inaweza kuzidi. Tusitoe dawa hizo bila kuelekezwa.

7. GOLE LINALONING'INIA

Hapa tuseme ukweli: misuli iliyolegea mara nyingi hairudi kama zamani. Kuku kama huyu anaweza kuishi kama analishwa kidogo kidogo mara nyingi, chakula laini, na gole likikandwa jioni. Lakini asitegemewe kuwa mama wa vifaranga wa mradi. Kama bado ana nyama, na hajapewa dawa, ni busara kumchinja mapema badala ya kumngoja akonde.

8. WAKATI WA KUMWITA MTAALAMU NA WAKATI WA KUAMUA

Tangu 2013, huduma za mifugo ziko chini ya serikali za kaunti. Mwulize chifu au mzee wa kijiji afisa wa mifugo wa wadi yenu anapatikana wapi, na nambari yake ya simu iandikwe katika daftari la kikundi, ukurasa wa kwanza, kabla shida haijaja.

Mwite kama:
- gole bado ni gumu baada ya siku mbili za kukanda;
- kuku anapumua kwa shida;
- gole limegeuka rangi, au lina kidonda;
- kuku zaidi ya wawili wameshikwa.

Daktari anaweza kulipasua gole, kutoa donge, na kulishona. Ndiyo, tunajua wako watu vijijini wanaofanya hivyo kwa wembe na uzi wa nguo. Wengine kuku wao walipona. Lakini tusisifu. Gole lina ukuta wake na ngozi ina wake, na kila mmoja hushonwa peke yake. Ukizishona pamoja, chakula huvuja ndani na kuku huoza akiwa hai. Tena kuku husikia uchungu kama kiumbe mwingine yeyote. Kama huna mtaalamu, wacha wembe.

Sasa lile swali gumu. Je, ikiwa daktari yuko mbali na ada yake inazidi bei ya kuku? Hapo hakuna aibu kuamua kuchinja. Kuku ambaye shida yake ni donge tu, asiye na dalili nyingine, na ambaye hajapewa dawa yoyote, anaweza kuliwa akichinjwa mapema. Gole na matumbo yatupwe mbali. Kama amepewa dawa, nyama na mayai visiliwe wala kuuzwa mpaka zile siku zilizoandikwa kwenye pakiti ziishe. Na kuku aliyekufa mwenyewe asiliwe kamwe, hata kama ni mnono. Achomwe au azikwe kwa kina, mbali na mbwa.

9. MAMBO MATANO YA KUTOFANYA

- Usimning'inize kuku kichwa chini ili atapike. Majimaji huingia katika njia ya pumzi, naye hufa kwa dakika chache.
- Usimlazimishe kumeza pilipili, majivu, au tembe za watu.
- Usimwache na njaa siku mbili au tatu ukingoja gole lishuke.
- Usimpeleke sokoni kumwuzia mwingine shida. Leo umemdanganya mgeni, kesho atakuwa jirani.
- Usisahau kunawa mikono kwa sabuni baada ya kumshika.

10. KISA CHA KUFIKIRIA

Kikundi kimoja cha akina mama kilikuwa na miradi miwili: kusuka vyondo na kufuga kuku. Kanuni ya kuku ilikuwa nzuri. Mwanachama hupewa mtetea mmoja, na baadaye hurudisha watetea wawili wapewe wengine. Basi mama mmoja, mjane, kuku wake alianza kukonda. Gole lilikuwa limejaa siku zote, hata watoto wake wakasema, "Huyu kuku anashiba sana." Baada ya majuma mawili akafa.

Katika mkutano maneno yakawa mengi. Wengine walisema alimuuza kuku na kuzusha kifo. Wengine walisema hakumlisha. Mweka hazina akataka faini ilipwe. Na kwa upande wake yule mama alikuwa na shaka na jirani yake, ambaye walikuwa wamekosana juu ya mpaka wa shamba.

Mwezi uliofuata kuku wa mama mwingine akafa vilevile. Safari hii walimwita afisa wa mifugo kabla ya kumzika. Akampasua mbele yao. Ndani ya gole mlikuwa na fundo la nyuzi za mkonge na uzi wa rangi, kubwa kama ngumi ya mtoto. Kila mtu aliutambua ule uzi. Ulikuwa uzi wa vyondo. Walikuwa wakisukia chini ya mti mmoja, wanakata ncha, wanaziacha chini, na kuku wanakuja kudonoa wakidhani ni minyoo.

Kwa hiyo sumu haikuwapo, wala uchawi, wala uvivu. Mradi mmoja wa kikundi ulikuwa ukiua mradi wa pili. Faini ilifutwa, yule mjane akapewa kuku mwingine, na ikawekwa kanuni: kila anayesuka ana mfuko wa ncha kiunoni, na mahali hapo panafagiwa kabla ya watu kutawanyika. Kuombana msamaha kulichukua muda zaidi kuliko kufagia.

Tunasimulia kisa hiki kwa sababu kuku asiyejulikana amekufa na nini huacha maneno nyuma yake. Kumpasua na kuangalia kunaweza kuokoa zaidi ya kuku. Lakini jihadharini: kama kuku wengi wamekufa kwa pamoja, msipasue wenyewe. Mwiteni afisa.

11. KUZUIA NI RAHISI KULIKO KUTIBU

a) Fagia boma. Nyuzi za gunia, kamba za nailoni, nywele za kusuka, na vipande vya mkonge viokotwe. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwezi wa Agosti 2017, lakini karatasi za mkate na za maziwa bado zinazagaa. Zote ni hatari kwa kuku.

b) Katakata majani. Nepia, sukuma wiki na nyasi, vikatwe vipande vifupi kama urefu wa kucha ya kidole gumba. Usimfungie mganda mrefu wa nyasi kuku aliye kizimbani.

c) Changarawe. Kuku anayetembea nje hujitafutia. Aliyefungiwa hawezi. Mwekee changarawe ndogo za mtoni katika kopo, zenye ukubwa kama wa punje ya mtama au ya mahindi iliyovunjwa. Kumbuka, maganda ya mayai na ya chaza ni ya kuimarisha yai, hayasagi chakula. Yote mawili yanahitajika.

d) Maji safi wakati wote. Kopo la mafuta lililokatwa latosha, bora lioshwe kila siku na lisipinduke. Kuku asingoje maji mpaka watoto warudi kutoka shuleni.

e) Lisha kwa saa zilizo sawa. Kidogo asubuhi, kidogo jioni, badala ya mengi mara moja baada ya njaa ya siku nzima.

f) Mahindi yenye kuvu yasilishwe kuku. Watu husema, "Haya yameharibika, tupeni kuku." Hapana. Mahindi hayo huweza kuwa na sumukuvu. Tukumbuke mwaka 2004, zaidi ya watu 100 walikufa kwa sumukuvu huko Makueni, Kitui na wilaya jirani. Sumu hiyo humdhuru kuku pia, na inaweza kupita hadi kwenye ini lake na mayai tunayokula.

g) Chanjo ya kideri isisahaulike. Kikundi kipange siku moja kila baada ya miezi mitatu, kuku wote wa kijiji wachanjwe pamoja. Hata ukijua kutibu gole kama daktari, kideri kikiingia utabaki na kibanda kitupu.

12. MASWALI YA KUJADILIANA

1. Gole kujaa na kuku kushiba, tofauti yake ni nini? Kila mmoja aeleze kwa maneno yake.
2. Kwa nini tunapima alfajiri na si mchana?
3. Utajuaje kama ni gole tu au ni kideri?
4. Katika boma zetu, nyuzi na plastiki hutoka wapi? Katika kazi za kikundi chetu, ni ipi inayoweza kudhuru nyingine?
5. Mwanachama kuku wake wa mradi akifa, kikundi chetu huamuaje? Je, tunauliza kwanza au tunahukumu kwanza?

13. KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila mwanachama apime kuku wake wawili, jioni na alfajiri, na aandike alichokuta. Asiyeandika amwambie mtoto wake amwandikie. Katibu atafute nambari ya afisa wa mifugo wa wadi. Wawili wachaguliwe waende duka la dawa za mifugo kuulizia bei ya sirinji moja kubwa, ili kikundi kiwe nayo pamoja. Na siku ya mkutano, kabla ya kikao kuanza, wote tushike fagio dakika kumi. Tutakachookota kiwekwe mezani, tukione.

Tukutane katika toleo lijalo. Kama mna swali, liandikeni na mmpe mtu wetu anapokuja kijijini.